Naomba ushauri: bahari ya kubuni inayozunguka shimo jeusi

Mkulima wa Zabibu (Hombolo)
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ninaandika riwaya kuhusu sayari iliyofunikwa na bahari, inayozunguka shimo jeusi (gimba lenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki), ambayo wahamiaji wameirekebisha kwa vizazi vingi hadi ikakalika. Mimi ni mtu wa Dodoma, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Bwawa la Hombolo, ambalo wakati wa kiangazi hurudi nyuma na kuacha ukoko mweupe wa chumvi juu ya tope lililopasuka. Mambo mawili yananikosesha usingizi. Mwanga wa kukuza mwani, ambao ndio utakaowapa watu wangu oksijeni, utatoka wapi? Je, bahari hiyo itajaa na kupwa? Sitaki kumdanganya msomaji.

Mwalimu wa Fizikia (Dodoma mjini)
Usihofu sayari kumezwa, kwa sababu hata Jua letu lingegeuka shimo jeusi lenye uzito uleule, Dunia ingeendelea na njia yake, ila tungeganda kwa baridi. Wengi watakushauri utumie mwanga wa gesi ya moto inayolizunguka shimo. Mimi sikushauri, kwani gesi hiyo hutoa pia eksirei ambazo zitaua mwani wako. Soma habari za Gaia BH1, shimo lililotangazwa mwaka 2022, lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,560. Uzito wake unakaribia mara 10 ya Jua, limetulia bila gesi ya moto kulizunguka, na nyota inayofanana na Jua hulizunguka kwa siku 186 hivi katika njia ya duaradufu, kwa hiyo utapata mwanga na majira pia. Sayari ukiiweka kilomita zaidi kidogo ya milioni 6 kutoka kwenye shimo, italizunguka kwa muda wa siku yetu moja.

Kuhusu maji, sayari iliyo karibu hivyo hulielekezea shimo uso mmoja, kama Mwezi unavyotufanyia sisi, na bahari hutuna bila mtuno huo kuhama. Ukitaka maji yapande na kushuka, ifanye njia yake iwe duaradufu kidogo sana, maana ukizidisha, mvuto utaikanda sayari hadi miamba iyeyuke, kama inavyotokea kwa Io, mwezi wa Mshtarii wenye volkano nyingi.

Binti Kilwa
Ndugu Mkulima, kwetu wavuvi hutazama mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana, na katikati ni maji mafu, hujaa na kupwa kidogo. Watu wako hawana mwezi, basi maneno hayo usiwape. Wape hesabu yao wenyewe.

Mkulima wa Zabibu (Hombolo)
Ahsanteni sana. Sura ya tatu, ambayo mvuvi alingoja bamvua chini ya mbalamwezi, naifuta leo. Dada, maji yakitoka, ufukwe hunukaje?

Binti Kilwa
Hunuka shombo na mwani unaoanza kuoza juani. Mgeni huziba pua. Sisi tuliozaliwa pale hatuisikii tena, mpaka tukae bara miaka kadhaa kisha turudi.