Mrejesho: Nimerudi Lubumbashi kutoka Ubelgiji

Ndugu zangu, kabla ya safari yangu ya Brussels niliwauliza nijiandae vipi, mkanishauri nibebe koti zito na nitafute sombe, yaani kisamvu, katika Matonge, mtaa wa Wakongo huko Brussels. Ushauri wenu ulinifaa, asanteni sana. Jua la mwezi wa sita, linalotua huko karibu saa nne usiku, lilinichanganya hata nikawa nachelewa kula, kwa kuwa kwetu giza huingia karibu saa kumi na mbili.

Jambo ambalo sikulitazamia lilikuwa Tervuren, mji ulio karibu na Brussels. Kabla ya kuingia katika jumba la makumbusho ya Afrika, dada aliyenipokea alinipeleka kando ya kanisa, kwenye makaburi saba ya Wakongo ambao, pamoja na wenzao zaidi ya 250, waliletwa mwaka 1897 ili watazamwe na umati katika maonyesho ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji; hao saba walifia huko kwa baridi na maradhi. Nilitamka majina yao polepole, Ekia, Kitukwa, Mibange, huku nimeshika koti lile mkononi, na machozi yakanitoka. Makumbusho yenyewe niliyaona siku iliyofuata.