Magnesiamu imeongezeka gramu 0.15 badala ya 0.20: flogistoni imeanguka au bado?

Mwalimu wa Zamu:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu jaribio la kuchoma magnesiamu, lile la kuonyesha kwamba metali ikiungua inaongezeka uzito. Vipimo ni hivi:

Krusibo (chombo kidogo cha kauri cha kuchomea) tupu na kifuniko chake: 31.42 g
Ikiwa na utepe wa magnesiamu: 31.72 g
Baada ya kuchoma na kupoa: 31.87 g

Kwa mlinganyo wa 2Mg + O₂ → 2MgO, gramu 0.30 za magnesiamu zilipaswa kushika oksijeni karibu gramu 0.20. Zimeshika 0.15 tu, yaani robo nzima haionekani. Mizani inasoma hadi gramu 0.01.

Nina maswali mawili. Kwanza, hiyo robo imekwenda wapi, na nitajuaje bila kubahatisha? Pili, jaribio hili hutumika kufundisha jinsi nadharia ya flogistoni ilivyoanguka, ile ya zamani iliyosema kwamba kitu kikiungua kinatoa kitu kiitwacho flogistoni, na kuna hoja inayorudi kila mara: "Je, kama flogistoni ina uzito hasi? Ikitoka, metali itazidi uzito, na wala si lazima izidi kwa 0.20." Hoja hiyo inajibiwaje kisayansi, si kwa kusema tu kwamba ndivyo kitabu kilivyoandika?

Titresheni:

Mkuu, nianze na la kwanza. Kabla ya kuishuku kemia, ishuku mizani. Kila usomaji unaweza kuwa na kosa la 0.01, na ongezeko lako limetokana na kutoa usomaji mmoja kwenye mwingine, kwa hiyo 0.15 yako iko mahali fulani kati ya 0.13 na 0.17. Bado 0.20 iko nje, hivyo upungufu ni wa kweli. Lakini ujue kwamba kwa mizani hiyo hata jaribio lililokwenda vizuri kabisa lina utata wa asilimia 10. Ukipata inayosoma 0.001, itumie.

Washukiwa wako ni watatu, na kila mmoja ana alama yake.

Wa kwanza ni moshi. Ule moshi mweupe ni oksidi yenyewe. Ukitoka, umepoteza magnesiamu na oksijeni kwa pamoja. Alama yake ni unga mweupe kwenye kingo za nje za krusibo na kwenye ncha za koleo. Kifuniko kinainuliwa milimita mbili tatu tu, kwa sekunde moja au mbili, kisha kinarudishwa. Ukiona mwanga mkali, umekiinua kupita kiasi. Na kifuniko kipimwe pamoja na krusibo kila mara, kwa sababu upande wake wa ndani hushika oksidi nyingi.

Wa pili ni magnesiamu ambayo haikuungua. Kama ndiye peke yake, basi gramu 0.07 hivi zimebaki metali. Ukishamaliza vipimo vyote, chukua chembe ya mabaki uiweke juu ya kioo, kisha udondoshee tone moja la asidi hidrokloriki hafifu. Oksidi inayeyuka kimya. Metali inatoa vipovu vya hidrojeni. Kama ndani ya krusibo kuna madoa meusi usichukue chembe hapo: magnesiamu ya moto hushambulia silika iliyomo kwenye kauri na kutengeneza silisidi, ambayo ikikutana na asidi hutoa gesi inayowaka yenyewe hewani.

Wa tatu ndiye anayesahaulika, naitrojeni. Krusibo iliyofunikwa ina hewa kidogo. Oksijeni ikipungua, magnesiamu ya moto inashika naitrojeni: 3Mg + N₂ → Mg₃N₂. Gramu 0.30 zikigeuka zote kuwa naitridi, uzito unaongezeka kwa 0.115 tu. Ukifanya hesabu, ili naitridi peke yake ikupe 0.15 lazima zaidi ya nusu ya magnesiamu yako iwe imekwenda huko. Ni nyingi mno, ndiyo maana nadhani una washukiwa wawili au watatu kwa pamoja.

Naitridi inaondolewa hivi. Acha krusibo ipoe kabisa. Dondoshea maji yaliyotoneshwa, matone 8 hadi 10, juu ya mabaki. Pasha moto mdogo sana huku umeshika karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa juu ya mdomo wa krusibo: ikigeuka buluu, hiyo ni amonia, na naitridi ilikuwepo. Naitridi sasa imekuwa hidroksidi. Ongeza moto taratibu, maana maji yakichemka ghafla yatarusha unga nje, kisha choma kwa moto mkali dakika 10 ili hidroksidi iwe oksidi. Poza, pima. Rudia kuchoma dakika 5, poza, pima, hadi vipimo viwili mfululizo vilingane.

Mengine kwa haraka. Sugua utepe kwa msasa hadi ung'ae, kwa sababu oksidi iliyokwishakaa juu yake inahesabiwa kama metali wakati si metali. Choma krusibo tupu dakika 10 kabla ya kupima mara ya kwanza, maana kauri hushika unyevu. Usipime ikiwa moto: hewa inayopanda kutoka kwenye krusibo huinua sahani ya mizani, na usomaji unakuwa mdogo kuliko ukweli.

Usalama: usiutazame mwali wa magnesiamu moja kwa moja. Magnesiamu inayowaka haizimwi kwa maji wala kwa kizimamoto cha kaboni dioksidi, kwani inaungua ndani ya vyote viwili. Weka mchanga mkavu karibu.

Kale na Kemia:

Titresheni amemaliza la kwanza. Nichukue la pili, kwa sababu hoja hiyo ya uzito hasi inastahili jibu la heshima. Karne ya 18 walikuwepo wanakemia makini walioitafutia flogistoni wepesi wa namna hiyo. Hawakuwa wajinga. Nadharia ya Georg Ernst Stahl ilieleza mambo mengi kwa wazo moja: kuni, mafuta na metali vinaungua kwa sababu vina flogistoni, majivu ya metali yakipashwa pamoja na mkaa yanarudi kuwa metali kwa sababu mkaa unayarudishia flogistoni.

Jambo la kuwaonyesha wanafunzi ni hili: krusibo iliyo wazi haiwezi kuamua kati ya "kitu kimeingia" na "kitu chenye uzito hasi kimetoka". Zote mbili zinatabiri ongezeko. Kwa hiyo 0.15 au 0.20, hata ungepata 0.1975 kamili, umeipinga flogistoni ya kawaida tu, ile yenye uzito. Nadharia tete mbili zikitabiri jibu moja, jaribio hilo halizitenganishi. Unatafuta jingine ambamo zinaachana.

Mwanasayansi Robert Boyle anafundisha vizuri hapa. Mwaka 1673 alichapisha majaribio ya kupasha bati ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa. Alikifungua, akapima, akakuta uzito umeongezeka, akahitimisha kwamba chembe za moto zimepenya kioo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alifungua kabla ya kupima. Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alilirudia jaribio hilo mwaka 1774 kwa kupima chombo kikiwa bado kimezibwa. Uzito haukubadilika. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kishindo na uzito ukaongezeka. Moto haukupenya kioo. Bati lilikuwa limeshika hewa iliyokuwa ndani, na nyingine ikaja kujaza nafasi.

Lakini mwenye uzito hasi anaweza kusema flogistoni ilitoka kwenye bati ikabaki chomboni. Ndiyo maana jaribio jingine la Lavoisier, lile la siku 12, lina uzito mkubwa kuliko yote. Lavoisier alipasha aunsi 4 za zebaki katika inchi za ujazo 50 za hewa. Hewa ilishuka hadi 42 au 43, na juu ya zebaki kukawa na unga mwekundu wa greni 45 (greni ni kipimo kidogo cha uzito cha zamani). Alipoupasha unga huo peke yake kwa moto mkali zaidi, alipata greni 41.5 za zebaki na inchi za ujazo 7 hadi 8 za gesi inayokoleza moto, yaani oksijeni. Alipoichanganya gesi hiyo na hewa iliyobaki, akapata tena hewa inayofanana na ya kawaida.

Angalia pigo liko wapi. Kwa mujibu wa Stahl, unga ule haukupaswa kurudi kuwa metali bila mkaa au kitu kingine cha kuurudishia flogistoni. Ulirudi bila mkaa. Na ujazo uliopotea ulikwenda ukarudi, hesabu ikafunga pande zote mbili. Uzito hasi hauelezi ujazo huo bila kuongezewa dhana nyingine, na nyingine juu yake. Hapo ndipo nadharia huanguka: inapohitaji kiraka kipya kwa kila kipimo kipya.

Lakini usiwafundishe kwamba Lavoisier alikuwa sahihi kwa kila kitu. Katika orodha yake ya 1789 ya vitu sahili 33, yaani elementi, aliweka hata mwanga na joto. Aliamini pia kila asidi ina oksijeni, na jina lenyewe la oksijeni linamaanisha mzaa asidi. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba klorini ni elementi, hivyo asidi ya chumvi (hidrokloriki) haina oksijeni hata kidogo. Joseph Priestley naye, aliyeipata oksijeni mwaka 1774 kwa kupasha unga huohuo mwekundu kwa lenzi ya jua, alishikilia flogistoni hadi kifo chake mwaka 1804. Kugundua kitu na kukielewa ni kazi mbili.

Umeuliza maswali mawili na yamekupeleka kwenye pande mbili za kemia. La robo iliyopotea ni la kemia ya uchanganuzi, inayouliza nini kimo na kiasi gani. La pili ni la nadharia ya mmenyuko, ambayo baadaye ililelewa zaidi na kemia ya kifizikia. Wakati wa Lavoisier matawi hayo hayakuwa yametengana, mtu mmoja alifanya yote.

Mwalimu wa Zamu:

Asanteni sana, wakuu. Litimasi imegeuka buluu, kwa hiyo naitridi ipo, na kingo za krusibo zina unga mweupe. Zebaki siwezi kuipasha mbele ya wanafunzi. Je, kuna njia salama ya kuonyesha upande wa ujazo? Nilifikiria mshumaa chini ya gilasi juu ya maji.

Titresheni:

Zebaki usiiguse kabisa, mvuke wake ni sumu. Na mshumaa uache: unazimika kabla oksijeni haijaisha, na maji hupanda zaidi kwa sababu hewa iliyopata joto inapoa na kujikunja. Ukipata moja ya tano, umeipata kwa bahati.

Tumia sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, isiyo na sabuni. Gramu 1.5 zinatosha, oksijeni iliyomo kwenye mililita 100 za hewa inakula chuma kisichofika gramu 0.1. Iloweshe kwenye siki dakika moja kuondoa mafuta, kisha isuuze vizuri kwa maji. Usipoisuuza, siki iliyobaki itamenyuka na chuma kutoa hidrojeni, na hidrojeni itasukuma maji chini.

Isukume hadi kitako cha silinda ya kupimia ya mililita 100, igeuze juu chini ndani ya beseni la maji. Silinda ina nafasi kati ya alama ya 100 na mdomo wake. Ipime mapema kwa kuijaza maji hadi juu, la sivyo utaanza na ujazo usioujua. Ikiwa imegeuzwa, alama inakuonyesha moja kwa moja gesi iliyobaki. Iache siku nzima au zaidi, hadi usomaji usibadilike mara mbili mfululizo. Kabla ya kusoma, inua au shusha silinda hadi maji ya ndani na nje yawe usawa mmoja, na chumba kiwe na joto lilelile la mwanzo. Upungufu unapaswa kuwa karibu asilimia 21.

Mwishoni ziba mdomo kwa kipande cha kioo ukiwa bado majini, inyanyue, uingize kijiti kinachowaka. Kitazimika papo hapo.