Mjadala: Ushindi wa Lukaya ni wa Musuguri au wa Mwita Marwa?

Mkazi wa Igoma
Wanajamvi, Jenerali David Musuguri alifariki Oktoba 2024 hapa hapa Mwanza, akiwa na miaka 104. Tangu hapo kila akitajwa anaitwa shujaa wa Lukaya, ule mji wa Uganda tulikopigana na jeshi la Idi Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, kwenye Vita vya Kagera. Mimi nasema heshima ya Lukaya ni ya Brigedia Mwita Marwa na Brigedi yake ya 208. Machi 10, 1979 Brigedi yetu nyingine, ya 201, ilivunjika mbele ya Walibya. 208 ilikuwa kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya barabara ya Kampala. Ikageuka, na alfajiri ya tarehe 11 ikawapiga ubavuni. Nishani ya ushujaa apewe aliyekanyaga matope, si jemadari wa nyuma. Hata Mwanza tulionjeshwa vita ile, ndege ya Libya ilipofuata matangi ya mafuta ikaishia kuua swala wa kisiwa cha Saa Nane.

Binti Butiama
"Jemadari wa nyuma"? Kaka, hilo neno lirudishe mdomoni. Musuguri aliingia KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, mwaka 1942 akiwa kijana wa Butiama. Aliyepanda kutoka kuruta hadi Mkuu wa Majeshi, 1980 mpaka 1988, huwezi kumwita mtu wa nyuma.

Mzee wa Kirumba
Kwanza, vijana, ni Saanane, neno moja. Ni jina la mzee aliyeishi kile kisiwa kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Haihusiani na saa.

Mkazi wa Igoma
Mzee, shikamoo. Nimekubali jina. Lakini hoja yangu haijajibiwa.

Hesabu za Mabatini
Mimi nakaa kwenye hiyo ndege, maana watu wanadhani rubani alilenga swala. Ilikuwa Tu-22, ndege ya kudondosha mabomu iliyotengenezwa na Warusi, na mabomu ya aina ile hayaongozwi, yakishaachiwa yanafuata mwendo wa ndege. Chukua kilomita 900 kwa saa: hiyo ni mita 250 kila sekunde. Ukichelewa kubonyeza sekunde 4 umepitiliza kilomita nzima. Ukiachia kutoka mita 3,000 bomu linaanguka sekunde 25 hivi, na muda wote huo linasonga mbele, kwa hiyo unaachia ukiwa bado kilomita 6 kutoka kwenye shabaha. Kosea mwinuko au upepo kidogo, umeangukia ziwani au kisiwani.

Mzee wa Kirumba
Marahaba, Igoma. Hesabu nzuri, ila rubani mzoefu anazijua zote. Mnamtetea mno.

Hesabu za Mabatini
Simtetei, mzee wangu. Naeleza kwa nini matangi yalipona.

Binti Butiama
Turudi Lukaya. Brigedi haigeuki kwa ujasiri wa mtu mmoja. Divisheni ya 20 yote ilikuwa chini ya Musuguri, 201 ya Imran Kombe na 208 ya Marwa zikiwa humo. Kugeuza maelfu ya watu gizani kuna kazi: kikosi cha mbele kinakuwa cha nyuma, risasi na mafuta yanapangwa upya, redio zinapewa alama mpya, na 201 iambiwe wenzao watatokea upande gani. Ukiruka hilo la mwisho mnauana wenyewe. Mmesahau Musoma, Novemba 1978? Wapiga mizinga ya kutungulia ndege waliangusha ndege tatu za kwetu kwa kutozitambua.

Mkazi wa Igoma
Dada, unawalaumu marehemu wa Musoma ili umpambe mtu wako.

Binti Butiama
Sijamlaumu marehemu yeyote! Nimesema taarifa isipofika, watu wanakufa. Soma kabla hujanirukia.

Mlinzi wa Kamanga
Wote mmewaruka wanamgambo. 201 ilijaa wanamgambo, na ndiyo mnayoisema "ilivunjika" kama kikombe. BM-21, gari la kurushia roketi, ni mirija 40, roketi za milimita 122, zote zinatoka kwa sekunde 20 hivi. Walibya walizirusha zikawapita vichwani. Roketi ile imetengenezwa kwenda hadi kilomita 20, na adui akiwa karibu mno ni vigumu kumlenga, inamvuka. Lakini aliye chini hajui imemvuka, anasikia dunia inapasuka. Halafu barabara ile imepita kwenye kinamasi cha mafunjo. Kifaru cha T-59 kina tani 36, kikitoka kwenye lami kinazama. Mtu anayekimbia pale naye ana njia moja tu, ya kurudi alikotoka. Kuwaita waoga ni dhuluma.

Mkazi wa Igoma
Neno woga sijaliandika.

Mlinzi wa Kamanga
Umeandika "ilivunjika" na ukawanyima nishani. Na ile 201 ilijipanga ikarudi kupigana tarehe 11. Usingempata Mlibya ubavuni kama hakuna anayemshika kwa mbele.

Binti Butiama
Na nani aliwasimamia wakajipanga? Kombe, chini ya Musuguri.

Mkazi wa Igoma
Basi wapewe Marwa na Kombe. Musuguri ana cheo chake tayari.

Mzee wa Kirumba
Mabatini, hujanijibu. Matangi yako ufukweni, kisiwa kiko majini mbele ya macho. Rubani gani mzoefu anavichanganya mchana kweupe?

Hesabu za Mabatini
Mzee, kwa kasi ile ufukwe wote wa Mwanza, kutoka Capri Point hadi Kirumba, anaumaliza ndani ya sekunde chache. Chora mstari kwenye ramani, ugawanye kwa mita 250, kisha tuendelee.

Mzee wa Kirumba
Nachora.