Naomba ushauri: mdogo wangu ana fangasi kwenye ubongo

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu, miaka 34, aliumwa kichwa wiki tatu. Kliniki ya mtaani hapa Kayole ilimpa dawa za maumivu mara mbili, akarudi kazini. Kisha asubuhi moja akanyoosha mkono achukue kikombe cha chai, akakikosa. Alikuwa anaona vikombe viwili.

Tukamkimbiza hospitali kubwa. Walitoa maji ya uti wa mgongo wakakuta fangasi aina ya kriptokokasi. VVU pia vimeonekana, jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata yeye.

Amechomwa dawa ya fangasi iitwayo amfoterisini, dozi moja kubwa, na anatakiwa kumeza nyingine mbili, flusitosini na flukonazoli, kwa siku 14, utaratibu ambao WHO ilipendekeza mwaka 2022. ARV ataanza baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu kuanza mapema kunaweza kumdhuru.

Shida ni mama. Daktari anataka kutoa maji tena ili presha ya kichwani ishuke, mama amekataa. Majirani wamemwambia sindano ya mgongo hupoozesha mtu. Lakini mara ya kwanza nilikuwepo: jioni ile ile mdogo wangu alifumbua macho akaomba uji! Nimweleze vipi akubali leo, si kesho?

Tena, flusitosini imeisha pale hospitalini. Aliyewahi kuipata Nairobi, aliipata wapi? Na waliopona, macho yenu yalirudi sawa?