Kongosho linawezaje kujimeng'enya lenyewe? Naomba kueleweshwa

Mwaka_wa_Pili
Habari zenu wakuu. Mjomba wangu amelazwa wiki ya pili sasa, tumbo lilimkamata usiku pale juu ya kitovu likapenya mpaka mgongoni, akawa anatapika tu, wakapima damu wakakuta laipesi (kimeng'enya cha kongosho kinachovunja mafuta) iko juu sana wakasema kongosho limevimba, na ultrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Mama ananiuliza mimi kwa sababu nasoma baiolojia na kusema kweli nimeshindwa kumjibu. Ninachojua vimeng'enya vya kongosho vinatoka vikiwa vimelala, vinaamshwa vikishafika kwenye utumbo mdogo. Sasa huko ndani ya kongosho vinaamshwa na nani? Afu mwalimu alisema kalsiamu ndo inaiambia seli imwage vimeng'enya, slaidi inayofuata kaandika kalsiamu inaua seli. Kitu kimoja kinafanyaje kazi zote mbili?

SeliHai
Pole sana mdogo wangu, Mungu amponye mjomba. Swali lako ni zuri na jibu lake limefichwa kwenye muda na mahali, sio kwenye kalsiamu yenyewe.

Anza na siku ya kawaida. Mtu amekula, chakula chenye mafuta na protini kikigusa ukuta wa utumbo mdogo inatoka homoni ya kolesistokinini, na mshipa wa neva ya vagasi nao unamwaga asetilikolini. Ujumbe ukifika kwenye seli ya kongosho inatengenezwa molekuli ndogo inaitwa IP3, inaenda kufungua ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli. Na hapa wapeni kongosho heshima yake, maana mwaka 1953 Mabel na Lowell Hokin waliona asetilikolini inachochea mabadiliko ya mafuta ya utando kwenye vipande vya kongosho la njiwa, miaka 30 baadaye, 1983, Streb, Irvine, Berridge na Schulz wakaonyesha kwa seli za kongosho la panya kwamba IP3 ndo inatoa kalsiamu ghalani. Leo kila kitabu cha seli kinafundisha hilo na wengi hawajui lilianzia wapi.

Sasa hiyo kalsiamu inatoka kama mgeni mstaarabu anavyopiga hodi. Anapiga, anatulia, anapiga tena. Na anapiga mlango mmoja tu, ule upande wa seli unaoelekea kwenye kijimfereji, ambako vifuko vya vimeng'enya vimejipanga vinasubiri. Mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, zimezunguka eneo hilo kama mkanda, zinainyonya kalsiamu isisambae seli nzima, na hapohapo zinatengeneza ATP, yaani nishati ya seli, ya kuendeshea pampu zinazoirudisha ghalani. Vifuko vinafunguka, juisi inatoka, kimya kinarudi.

Mtaalam_Kijijini
Naendelea alipoishia SeliHai. Kijiwe kikikwama pale kwenye tundu la pamoja la nyongo na kongosho, juisi inakosa njia na presha inapanda, na asidi za nyongo zikizifikia zile seli zinavuruga kalsiamu. Kwa pombe njia ni nyingine, inaungana na asidi za mafuta kuwa kemikali sumu kwa seli hizohizo. Zote zinaishia pamoja, ghala linamwagika mpaka linabaki tupu, na likiwa tupu seli inafungua milango ya nje inayoitwa Orai ili kujaza. Huko nje kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kama mara elfu kumi, kwa hiyo inaingia kwa kishindo na haikatiki. Hiyo sio hodi tena, mtu kaegemea mlango mpaka bawaba zinang'oka.

Mitokondria zinalemewa, ATP inaisha, na pampu za kuitoa kalsiamu zinahitaji ATP hiyohiyo, kwa hiyo seli imekwama. Ndani vifuko vya vimeng'enya vinachanganyika na kathepsini B, kimeng'enya cha kwenye lisosomu (vifuko vya seli vya kuvunjia taka), na huyo ndo anayeiamsha tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, humo ndani, utumbo haujahusika kabisa. Hans Chiari alishasema mwaka 1896 kwamba kongosho linajimeng'enya, na mwaka 1996 ikapatikana familia zinazorithi ugonjwa huu kwa kasoro kwenye jini ya tripsinojeni yenyewe, yaani tripsini ikiwa bado imelala.

SeliHai
Nakubali ila tusiibebeshe tripsini kila kitu. Panya waliondolewa tripsinojeni inayohusika na bado kongosho lao lilivimba, maana kalsiamu hiyohiyo inawasha pia ishara za uvimbe kwenye seli bila kuisubiri tripsini. Nadhani ndo maana dawa za kuzuia vimeng'enya zilivunja moyo watu wengi, unazima moto wa jikoni wakati sebule nayo inawaka. Dawa za kuziba Orai zimeshafika kwenye majaribio ya wagonjwa, mimi naziombea sana.

Mwaka_wa_Pili
Asanteni mno, nimesoma mara tatu. Kwa hiyo laipesi inafikaje kwenye damu? Na mbona mjomba hapewi dawa yoyote ya kongosho, ni dripu tu na sindano za maumivu, mama anaona kama wamemtelekeza.

DadaWadini
Laipesi iko kwenye damu kwa sababu mlango wa mbele umeziba, vifuko vinamwagia ubavuni na nyuma ya seli, na seli zinazopasuka nazo zinamwaga zilichonacho.

Kuhusu mama mwambie hajatelekezwa, naelewa uchungu wake, ndugu wengi wananiuliza hivyohivyo pale kitandani. Mpaka sasa hakuna dawa inayotibu kongosho lenyewe, tunalisaidia lipone. Maji ya dripu tunampa kwa kipimo, utafiti mkubwa wa 2022 ulionyesha kumjaza mtu maji kwa fujo hakumponyi haraka bali kunamletea maji kuzidi mwilini. Antibayotiki hatuzitoi kama hakuna maambukizi. Na ile ya zamani ya kumfungia mgonjwa chakula siku nyingi tumeiacha, akiweza kuvumilia anaanza kula mapema, vyakula vyenye mafuta kidogo. Kitu ambacho msikiache ni vijiwe, muulizeni daktari lini mfuko wa nyongo utatolewa, kama shambulio lilikuwa dogo ni vizuri utolewe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, nimeona wanaorudishwa na kijiwe kingine kabla hata mwezi haujaisha.

Mwaka_wa_Pili
Nampigia mama saa hii hii, kesho asubuhi tunamuuliza daktari kuhusu mfuko wa nyongo.