Tupeane uzoefu: waliokwenda kujitolea ng'ambo na walioishi na volantia hapa Mombasa

BintiMajengo
Salaam aleikum wenyeji. Mdogo wangu amepata nafasi ya kujitolea Malawi, miezi 12, kufundisha hesabu sekondari moja huko Dedza. Tangu barua ije, nyumbani hakulaliki. Mama anasaga pilipili ya kubeba, mwenyewe anakunja kanzu sita. Mimi mwisho wangu Lungalunga, hapo mpakani, sina la kumwambia. Aliyewahi kwenda, au aliyekaa na volantia hapa kwetu, atwambie yalivyo.

AbuLikoni
Watu hapa wakisikia volantia wanamwona Mzungu na begi mgongoni. Mpango wa Umoja wa Mataifa upo tangu 1970 na Waafrika tumo tele. Mimi nilipelekwa Juba, Sudan Kusini. Nilidhani Kiarabu changu cha madrasa kitanivusha. Siku ya kwanza sokoni nikamwaga sarufi yote, mama wa nyanya akanitazama kama anayesomewa hotuba. Wenyewe wanasema "ana gi ruwa suk", nakwenda sokoni, basi. Nikaanza upya kwa watoto wa jirani.

Lakini kilichonitesa ni kwetu. Ukipanda ndege tu, jamaa wanahesabu dola. Posho ni ya kodi na chakula, si mshahara. Mjomba alinipigia kuhusu mabati hata begi sijafungua. Mdogo wako aitishe kikao kabla hajaondoka.

Kisauni_Moja
Chandarua. Na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano asiisahau mezani.

MamaBaraza
Mie nilikaa na binti wa Kijapani hapa Mji wa Kale. Serikali yao inaleta vijana tangu miaka ya 60. Alikuja na Kiswahili cha darasani, kisafi kama shuka mpya. Siku ya pili jirani akamuuliza "Wendapi?", akadhani anachunguzwa. Basi akawa anapita barazani kimya, macho chini, na mtaa ukasema ana kiburi. Nikamkalisha jikoni tukisukuma mahamri, nikamwambia mwanangu, huulizwi wendako, waamkuliwa. Jibu "hapo mbele", pita. Mwezi haukuisha, akitumwa mbaazi za dakika tano anarudi baada ya nusu saa, na habari za mtaa mzima.

MvuviTudor
Sisi Mikindani tuna kikundi cha kupanda mikoko. Tuliletewa kijana kutoka Ujerumani, mpole, mchapakazi, ila alikuja na ratiba. Kaibandika ukutani: kupanda kila Jumanne saa tatu asubuhi. Jumanne ya kwanza ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, tukapanda vizuri. Jumanne ya pili ni maji mafu, saa tatu yamejaa kwenye mchu, mmoja wa miti ya mikoko, na hayana haraka ya kuondoka. Akatukuta chini ya mwembe tunashona nyavu. Akaandika kwenye daftari lake kwamba kikundi hakina ari. Niliisoma kwa macho yangu, iliniuma.

Mzee wetu hakubishana naye. Usiku akampeleka ufukweni, akamwonyesha mwezi: ukiandama na ukiwa mpevu, ndipo bamvua. Kati yake ni maji mafu. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo wiki ikipita, saa yaliyotoka ndiyo saa yatakayokuwa yamejaa. Jumanne haiwezi kuwa na saa yake baharini.

Asubuhi akabandua karatasi yake mwenyewe. Miezi minne iliyofuata hakupanga chochote, alibeba tope tu. Akajifunza kuwa mbegu ya mkoko, ile ndefu, waichomeka hapo hapo, lakini mchu ni heri uuoteshe kitaluni kwanza. Viatu vitatu viliozea mtoni. Ndipo siku moja akauliza kwa nini hatuhesabu miche inayokufa. Hatukuwa tumewahi. Akatuchorea daftari la safu nne, na mpaka leo, miaka baada ya yeye kwenda zake, bado twajaza.

TeacherChangamwe
Dedza hiyo naijua, nilikuwa karibu na hapo. Dada, kanzu sita za nini? Mji uko juu mlimani, Juni na Julai mtu wa Mombasa atalia. Chakula hakitampa tabu, nsima ni ugali, ila laini zaidi. Maji ni madzi. Ajifunze Kichewa kidogo, "muli bwanji" ya kuamkia na "zikomo" ya kushukuru, na akishukuru apige makofi kidogo.

Shuleni, wiki tatu za mwanzo sikupewa darasa. Nimekaa chumba cha walimu, chaki mkononi, nachemka. Nikadhani hawanitaki. Baadaye mwalimu mkuu msaidizi akanichekea: walikuwa wanatazama kama ninasalimia wapishi na mlinzi, au walimu peke yao. Mdogo wako asikimbilie ubao.

BintiMajengo
Shukran sana nyote, nimemsomea yote. Kanzu nne zimetoka, blanketi la mama limeingia. "Muli bwanji" anaisema mpaka kwa paka. Kikao cha posho ni Ijumaa baada ya Isha, na AbuLikoni, wallahi, mjomba wetu naye keshauliza bei ya mabati.