Eti nasoma kama namtajia mtu namba za LUKU! Huyu fundi video tutamvumilia mpaka lini?

Madam Leja

Wakuu habari za jioni. Yangu mbaya na sitajifanya.

Sitamtaja jina, mnamjua. Yule fundi video wa huku Sinza, wa kofia kuigeuza nyuma, anayekuja kazini na begi moja la vifaa na mabegi saba ya maneno. Nimetoka kudhalilishwa naye sasa hivi, sebuleni kwangu, juu ya zulia langu, chai yangu ikiwa bado tumboni mwake.

Wengi humu mnajua nafundisha hesabu za duka. Mtaji, mauzo, madeni ya wateja, kutenganisha hela ya droo na ada ya mtoto. Sasa nimeamua kurekodi kozi, mtu alipie, asome hata akiwa kabanwa kwenye mwendokasi. Masomo nimeyaandika yote, neno kwa neno. Watu wakaniambia, mchukue fulani, ana teleprompta, maandishi yanapanda yenyewe mbele ya kamera, unasoma huku mtazamaji anadhani umeyatoa kichwani.

Alisema saa tatu asubuhi. Kafika saa saba mchana. Kile kioo cha teleprompta nilicholipia eti kimepasukia kwenye bodaboda, kwa hiyo "tutatumia tu simu yako madam, ni ile ile". Feni kaizima, inaingia kwenye maiki. Madirisha kayafunga, kunguru wanaingia kwenye maiki. Dar hii, sebule haina feni wala dirisha! Poda ilihama usoni ikafika kwenye kola. Nikanyamaza, nina malezi.

Maandishi kaweka makubwa, ningeweza kuyasoma nimekaa Kibaha. Maneno matatu tu kwa mstari. Naanza somo la pili: "Karibu tena mwanafunzi... wangu. Leo tunaangalia... tofauti ya mtaji... na mauzo. Chukulia..." Katikati hapo ukadondoka ujumbe wa kikundi chetu cha VICOBA juu ya maandishi. Nikausoma. Kwa sauti ya kufundishia kabisa: "Wanachama ambao hamjaleta hisa mnajijua." Sasa mlitaka nisome nini? Nasoma kilichopo! Kuzuia ujumbe usiingie ni kazi ya mwalimu au ya fundi?

Ndo hapo sasa. Kasimamisha kurekodi. Kavua kofia, kajikuna kisogo, kanitazama. Mbele ya msaidizi wake, mbele ya dada wa kazi, mbele ya mume wangu aliyesimama mlangoni na kikombe:

"Madam samahani. Hapa unafundisha, au kuna mtu unamsomea namba za LUKU?"

Namba. Za. LUKU.

Msaidizi kaangusha taa. Dada wa kazi kakimbilia jikoni, nikasikia sufuria zinaporomoka. Mume wangu, niliyevumilia naye chumba kimoja Mbagala tukigawana kitanda na mafuriko, KACHEKA. Chai imemtokea puani.

Na hakuishia hapo. Akaanza kuniigiza! Kaenda ukutani, kanyoosha kidole, anabonyeza mita ambayo haipo: "Chukulia una... laki tano na... elfu hamsini za..." Kila maneno matatu anasimama, anabonyeza. Halafu akatoa mlio wa mita inapokataa namba. Ukutani kwangu! Ukuta niliopaka rangi mwenyewe!

Nina shahada mimi. Kuna watu wana maduka Kariakoo leo, kutafuta faida nimewafundisha mimi kwa kidole. LUKU?

Nusu ya hela keshachukua. Naomba ushauri, mtu wa hivi anapelekwa wapi? Serikali ya mtaa wanashughulikia? Maana nikifumba macho namuona anabonyeza ukuta.

Kunguru wa Posta

Pole sana madam. Uzi wako nimeusoma kwa mafungu ya nne nne.

Mpangaji Mkongwe

Somo la tatu hili hapa wakuu, muingize taratibu:
4471 0926 3380 1157 6204

Kunguru wa Posta

@Mpangaji Mkongwe imekataa. Au ni ya kozi ya mwaka jana?

Shangazi wa Tabata

Nyie watoto mna laana. Mwenzenu kaumia. Madam, pole mwaya. Ila mbona unamlaumu fundi peke yake? Fundi ni mtu wa kupita. Anayestahili uzi hapa ni huyo mume wa chai puani.

Madam Leja

@Shangazi wa Tabata huyo hukumu yake ilishatoka. Leo analala sebuleni, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Inaingia kwenye maiki.

Bwana Stendi

Mimi narekodi kozi kwa simu muda mrefu, niseme kiufundi kidogo. Fundi kakosa adabu ila mbovu hapo ni mipangilio, msomaji hana kosa. Maandishi yakiwa makubwa mstari unakatika hovyo, na jicho likifika mwisho wa mstari mdomo nao unasimama. Profesa yeyote mkalishe hapo, atatoa hizo hizo namba za umeme.

Punguza maandishi, kisha skripti yako uikate upya, mstari mmoja uwe pumzi moja. "Chukulia una laki tano" ikae pamoja. Laki tano isiachwe yenyewe mstari wa chini inatafuta wenzake.

Simu isogeze mbali, mita moja na nusu hivi au zaidi kidogo. Ukiwa karibu, macho yanaonekana yanatembea kushoto kulia na mtazamaji anajua unasoma. Kile kidirisha cha maandishi kipandishe juu kabisa, kigusane na kamera ya mbele. Na simu usiilaze ubavu kama maandishi yanabaki katikati, maana kamera inahamia pembeni na wewe utaonekana unamchungulia mtu dirishani.

Kasi usiiache ile ya kuanzia. Maneno yetu ni marefu, itakukimbiza. Kuna rimoti ndogo za Bluetooth zinauzwa mtaa wa Aggrey, unaishika mkononi, unasimamisha maandishi mwenyewe ukitaka kuvuta pumzi. Na kabla ya yote, simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Hilo la VICOBA ni la fundi asilimia mia.

Kile kioo nacho si uchawi. Simu inalazwa chini, kioo kinainamishwa nyuzi 45 mbele ya kamera, maandishi yanageuzwa kinyume kwenye programu ili kwenye kioo yasomeke sawa. Wewe unaangalia kioo, kamera iko nyuma yake, kwa hiyo unaiangalia machoni kabisa. Kama ulilipia kioo na hukukiona, dai hela yako.

Madam Leja

Asante kaka, ila sijauliza ukubwa wa maandishi. Nimeuliza kuhusu ADABU. Mtu kabonyeza ukuta wangu!

Mzee Kamusi

Nimepita kuweka historia sawa. Mashine hii ya teleprompta imeanza Marekani mwaka 1950. Mwigizaji mmoja wa jukwaani, Fred Barton, alitaka kitu cha kumsaidia kukumbuka maneno, na mhandisi Hubert Schlafly akaiunda: bunda la karatasi lenye maandishi, linazungushwa na mota pembeni ya kamera. Mwaka 1952, kwenye kampeni za urais, Eisenhower alisikika hewani akiikaripia isogee, imemuacha anasubiri mstari. Kwa hiyo madam usijione mnyonge, hata jenerali wa vita kuu ilimtoa jasho.

Kunguru wa Posta

@Mzee Kamusi na yeye walimbonyezea ukuta?

Mzee Kamusi

Ndiyo maana huwa sichangii nyuzi za huku.

Wa Send-off

Ngoja kwanza. Kofia nyuma? Sinza? Anachelewa halafu anadai soda? Kama ni huyo ninayemfikiria, alirekodi send-off ya mdogo wangu. Mdogo wangu kaolewa, kazaa, mtoto kaanza chekechea, video "bado naiediti sista". Tulipombana akatuletea flashi. Ndani yake saa nzima ni keki. Bibi harusi yumo nusu, kiwiko kinakata keki. Mama yetu mzazi hayumo kabisa, na gauni lake lilishonwa kwa mkopo!

Kijana wa Mwenge

Ni yeye. Kwenye ubatizo wa mwanetu alimrekodi padri miguu. Nilipomuuliza akasema ni staili.

Shangazi wa Tabata

Staili ya miguu jamani.

Risiti Tafadhali

Madam, kozi unaiuza shilingi ngapi na malipo yanaingia namba gani? Nauliza tu. Risiti ya EFD unatoa? TRA wanapita humu kila siku wanasoma kimya kimya.

Madam Leja

@Risiti Tafadhali nafundisha hesabu mimi, vitabu vyangu vimenyooka kuliko maisha yako. Turudi kwenye mada. Mnaelewa kwamba alivua KOFIA kwanza? Alijiandaa! Mtu kajipanga, kajikuna kisogo, ndipo akaniambia lile neno. Ingekuwa limemponyoka ningesamehe.

Mpangaji Mkongwe

Madam kwa heshima zote, tuwekee hiyo video tuamue kwa haki. Sekunde kumi tu za "wanachama ambao hamjaleta hisa mnajijua".

Kijana wa Mwenge

Naunga mkono. Kwanza hiyo ya VICOBA ningeilipia kuliko ya mtaji.

Mama Wawili wa Kimara

Mmetaja LUKU mmenitonesha. Nyumba yetu wapangaji watano mita moja. Kila mwezi tunachanga sawa sawa. Sawa sawa! Mimi nina taa mbili na pasi ya Jumapili. Jirani yangu wa chumba cha uani ana friji la kufunua, anauza barafu na juisi za mifuko mpaka shule ya jirani. Umeme ukiisha usiku wa manane, wa kwanza kugonga mlango wangu ni yeye: "Mama nanii, barafu zinayeyuka." Ziyeyuke!

Barafu Baridi

Mimi niko na friji uani na sipendi mnavyotuzungumzia. Friji likijaa halili umeme mwingi, linalokula ni tupu linalofunguliwa ovyo. Pasi yako hiyo ya Jumapili ndo inakimbiza mita, muulize fundi umeme yeyote. Na mbona siku ya msiba barafu za bure mlichukua?

Mama Wawili wa Kimara

Wewe uko Kimara ipi?

Barafu Baridi

Sijasema niko Kimara.

Mama Wawili wa Kimara

Na msiba nimeutaja mimi wapi?

Shangazi wa Tabata

😂😂😂 Naleta kigoda.

Madam Leja

Jamani, uzi wangu. Huyo mtu kanipigia hapa sasa hivi, anasema kesho anakuja kumalizia somo la pili na nimuandalie nauli. Nauli! Baada ya kubonyeza ukuta! Nimjibu nini?

Mpangaji Mkongwe

@Barafu Baridi friji likijaa ni kweli linatunza ubaridi, lakini wewe kila jioni unatoa barafu unaweka maji ya moto ya bomba. Hapo linaanza upya. Mchango wako uwe mara mbili.

Barafu Baridi

Mara mbili kwa faida ipi? Mfuko wa barafu mnataka uwe bei gani?

Bwana Stendi

Fungeni submita kila chumba muache kuuana. Mwenye nyumba akikataa changeni wenyewe, fundi wa kufunga hakosekani.

Mama Wawili wa Kimara

Mwenye nyumba anasema nyaya zake za urithi, zisiguswe. @Barafu Baridi jibu swali, msiba umeujuaje?

Kijana wa Mwenge

Submita used shilingi ngapi saa hizi? Kuna mtu anayo?

Barafu Baridi

Ninayo moja. Njoo inbox. Kasoro Mama Wawili.